Kipimo cha Shangazi

"Mwambie laoban kanibadilishia kipimo!" Shangazi alifoka mbele ya laoban mwenye duka, baibui jipya likimpwaya mabegani.

Kila akija soko la Zhanxi kununua mzigo wa duka lake la Unguja, hujaribu nguo mwenyewe. Mwili wake, husema, ndio mwili wa wateja wake. Mimi, binti wa kaka yake ninayesomea udaktari hapa Guangzhou, ndimi mkalimani.

Laoban alilaza baibui la mzigo wa mwaka jana mezani, akaliwekea jipya juu yake. Yakalingana hadi pindo.

"Hawezi kunidanganya! Hebu nibane hapa begani, aone."

Mkokoteni ulipita ukitusukuma. Nikaingiza mkono chini ya mtandio wake kukusanya kitambaa, na kidole kikakwama juu ya mtulinga wa kushoto. Palikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya zaituni. Nikakisukuma. Hakikusogea.

Virchow, yule Mjerumani aliyepasua maiti maisha yake yote, aliandika juu ya uvimbe wa hapo hapo karibu karne mbili nyuma. Saratani ya tumbo hupanda kimyakimya hadi kwenye tezi hiyo, na tezi bado ina jina lake. Nami nilikuwa nimeamini Shangazi anaposema hali chakula cha huku kwa sababu ya mafuta ya Kichina.

"Mbona umeganda? Mwambie apunguze vipimo vya mzigo mzima."

Laoban alishika chaki, akinisubiri. Nikamwambia kwa Kichina aache vipimo kama vilivyo.

"Kakubali?"

"Kakubali, Shangazi," nikasema, kidole changu bado kikiwa pale pale.