Glavu ya Mkono wa Kushoto

Mnyororo ulikaza, injini ya lori ikaanza kupanda, na Mugisha akaona glavu ya fundi wake mpya imebanwa kati ya ndoano na injini, vidole viwili vimelala bapa kama karatasi.

Akaulegeza mnyororo haraka.

Akamvua ile glavu taratibu, akitarajia damu.

Haikuwepo hata tone. Mahali pa vidole viwili vya mwisho palikuwa na makovu ya zamani, laini, yaliyokauka kitambo.

"Hivyo vilibaki mjini Malakal, wakati wa vita, bosi," fundi akasema chinichini. "Niliogopa utaninyima kazi."

Mugisha akaketi juu ya tairi, akacheka hadi machozi. Kisha akamkabidhi mnyororo.

"Wewe vuta. Injini nitashika mimi."