Hadi Jua Lizame

Mgeni aliingia uani bila hodi, akisukuma baiskeli, jogoo amening'inia kwenye usukani.

"Nasikia unauza mbuzi, mzee."

Bwana Mipaka hakumjua, lakini mteja hakataliwi. Watu walimwita hivyo kwa kuwa mipaka ya shamba lake ilikuwa na miguu. Juzi mpaka mmoja ulitembea usiku, na kulipokucha mbuzi wa binti wa mpangaji wake akakutwa "kwenye mahindi ya tajiri", ingawa alifungwa palepale pa siku zote. Mbuzi akatekwa, pamoja na maziwa ya mdogo wa binti. Binti mwenyewe akaitwa kumtunza bure, maana mbuzi yule hakubali mkono mwingine.

"Ole wako useme ni wako," Bwana Mipaka alimnong'oneza binti, aliyeshika kamba ya mbuzi. "Sitaki kusikia neno hadi jua lizame. La sivyo, mama yako atafungasha virago. Umeahidi?"

"Nimeahidi, mzee."

Mbuzi alinyoosha shingo, akanusa mfuko wa mgeni kama anayedai chake. Binti akainamia vidole vyake vya miguu.

"Ana maziwa?" mgeni aliuliza.

"Kama chemchemi!"

"Eti binti, kweli?"

Kimya.

"Mjibu mgeni, we mtoto!"

Kimya. Bwana Mipaka alimfinya sikio, akalisokota. Binti akabana midomo. Mabega yakamtetemeka, machozi yakamtiririka.

"Masikini, analia." Mgeni alirudi nyuma. "Mtoto hajui kuficha, mzee. Mbuzi huyu ana lake jambo. Asije akakuambukizia zizi zima."

Bwana Mipaka aligeuka kulitazama zizi lake lililofurika. Kijasho kikamtoka.

"Basi mchukue. Niachie hata huyo jogoo."

"Jogoo mzima kwa mzoga?" Mgeni aliguna, akajikuna kichwa, kisha akamfungua jogoo shingo upande.

Jioni binti alifika nyumbani, sikio bado linawaka moto. Mama yake alikuwa anakama, na mdogo wake amekumbatia kikombe kwa mikono miwili.

"Haya, mpwa wangu," mgeni alisema kutoka kwenye kigoda, "hebu tuambie, kicheko kile ulikimezaje?"

Binti alitikisa kichwa, midomo kaibana, akanyoosha kidole kwenye jua lililobakiza ukucha tu juu ya kilima.