Mkunjo wa Kumi na Tatu

"Kumi na mbili."

Hilal alipangusa miwani, akaanza upya. Alihesabu kama alivyojifundisha mwenyewe: kuanzia karibu na mpini wa jambia, kidole kikipanda upande huu kisha upande wa pili, mkunjo baada ya mkunjo, hadi nchani.

Kumi na mbili tena.

Nasri, mwenye nyumba, alicheka. "Fundi, ile ya asubuhi uliitupia jicho tu ukasema sapukal. Hii imekushinda?"

"Ile imenyooka, bwana. Iliyonyooka ndiyo sapukal. Yenye mikunjo inataka subira."

Miaka hiyo ya neema ya mafuta, kila tajiri wa Riyadh alitaka silaha za kale ukutani. Kerisi, majambia ya Kimalai yaliyoletwa na mahujaji, hakuna aliyezijua kama Hilal, fundi redio wa Bani Malik, Jeddah. Walimwita hadi mtaa wao wa Murabba kuzitambua. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alijifunza.

Miaka kumi nyuma, baba yake alikutwa amechomwa kisu chumbani kwao, mtaa wa Karantina, Jeddah. Muosha maiti alitoa kipande cha chuma mbavuni, akampa Hilal kwa siri. Mzee mmoja wa Kimalai alikigeuzageuza akasema ni ncha ya kerisi.

"Mikunjo yake ni witiri daima, kijana. Tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Ukikuta shufwa, ujue imevunjika."

Hilal akala yamini: atakayebainika kuitumia, atakufa kwa kerisi hiyo hiyo. Mama yake, Jokha binti Salum, alimsihi akitupe kile kipande baharini. Kila Hilal aliporudi safari alimuuliza mlangoni, "Hujaipata?" Akijibu bado, mama hushusha pumzi. "Alhamdulillahi, mwanangu."

Sasa alikitoa mfukoni, akakilaza pale mkunjo wa kumi na mbili ulipoishia. Mtu alikuwa amepitisha tupa kupaficha palipovunjika, lakini mistari myeupe ya chuma ilitoka kwenye kerisi ikaingia kwenye kipande bila kupotea njia.

Kumi na tatu.

Alikwenda akafunga mlango, akasimama mbele ya Nasri. Kerisi ilikuwa mkononi.

"Mwaka wa sitini na sita ulikuwa wapi?"

"Jeddah." Nasri hakucheka tena. "Nilikuwa na duka Karantina. Weka hiyo chini, bwana, unanitisha."

"Duka lako na chumba chetu, hatua ngapi?"

"Chumba chenu kipi? Mie hata kwenu sikujui!"

"Baba yangu alikufa kwa kisu hiki, Nasri. Miaka kumi ninakitafuta. Piga shahada."

"Wallahi niliuziwa!" Nasri alikuwa amekwisha rudi nyuma hadi ukutani. "Mwanamke wa kwetu, Unguja. Kaja nacho dukani kakifunga ndani ya kanga. Hata bei hakutaja, alitaka kimtoke tu. Nikamkemea, mama we, mtu yumo edani anatoka nje kuja kuuza kisu?"

"Jina lake."

Nasri alijikinga kifua kwa mikono.

"Jokha," alisema. "Jokha binti Salum."