Ukuta wa Muzee Gauthier

"Weye labda kitanda njo unaweza kupanda," mwanaume akamwambia Élodie, akiangalia pale ambapo mguu wake wa kushoto ungekuwa. "Tena wakusaidie."

Élodie akameza hasira. Goma hii, anayetaka kukusaidia hukutukana kwanza, na yeye alishatukanwa ofisi baada ya ofisi. Mashindano ya dunia ya wapanda kuta wenye ulemavu yalikuwa yamekaribia. Kamba na vifaa alijinunulia kwa faida ya makala ya kupikia anayouza mtaa wa Mabanga, lakini tikiti ya ndege ilimshinda.

Watu walimwambia: nenda kwa Gauthier, tajiri wa Butembo, mwenye ile depo mpya ya ghorofa ya kuwekea bidhaa kwenye barabara ya Sake. Sura yake hakuijua. Jumapili hiyo aliacha misa, akaja, akamkuta huyu mwanaume mlangoni na suti yake, lori tupu limeegeshwa kando na vijana wake ndani.

"Ni weye muzee Gauthier?" aliuliza.

"Uko unataka nini?" Ndipo matusi yakaanza. "Bote munakuja kulia-lia! Muguu, mukono, macho. Mimi niko ONG ya kugawa misaada?"

"Sikukuja kulia, papa. Nilikuja kuonyesha."

Mwanaume akautazama ukuta wa mawe ya volkeno, mpaka juu kwenye dirisha lililo wazi.

"Basi panda huu. Ukifika, tikiti ni juu yangu. Lakini uingie kwa dirisha, ushuke kwa ngazi za ndani, utokee mlangoni kama mutu. Sitaki uanguke hapa, familia yako ikuje kunisumbua."

Roho mbaya gani hiyo! Lakini maji alishayavulia nguo. Akaegemeza magongo yake, akashika jiwe la kwanza. Watu waliotoka kanisani wakasimama.

"Ataanguka yule," mmoja akacheka.

Alipanda kwa hasira tupu. Vidole vilishika, mguu ukatafuta ufa, mwili ukajivuta. Kicheko kikakatika. "Yesu wangu!" mama mmoja akapiga kelele Élodie alipotumbukia dirishani.

Alipofungua kitasa kwa ndani na kutokea mlangoni, akiruka kwa mguu wake mmoja, makofi yalikuwa ya harusi kabisa. Yule mwanaume hakumpa hata mkono.

"Sawa, umeshinda. Nikishapeleka mizigo hii, narudi twende kwa wauza tikiti. Usitoke hapa."

Vijana wake wakapakia katoni baada ya katoni, mpaka lori likajaa, wakaondoka. Élodie akakaa mlangoni, machozi ya furaha yakimtiririka. Ataenda! Wamama wakamzunguka kwa vigelegele.

Jeep moja ikafunga breki mbele yao. Muzee mmoja wa mvi akashuka, funguo mkononi, akachungulia ndani ya depo, akaona katoni hazimo.

"Nani amefungua depo yangu?"

"Ni huyu!" watu wote wakaitika kwa shangwe, wakimsukuma Élodie mbele. "Tulimuona na macho yetu, muzee! Na muguu mumoja!"