Mafuta ya Uzazi

Mavyaa alisema tasa hupakwa mafuta na mke mwenzake aliyejaliwa, ili uzazi umhamie. Ndiyo maana Mbodze, mke mkubwa, alipiga magoti nyuma ya Kadii, mke mdogo, huku mtoto kambeba mgongoni na mwingine yumo tumboni.

Alimpaka kwa kinyongo. Kiuno kile! Na kanga mpya kila mwezi, mtu hata kuzaa hajazaa! Mikono ikapanda begani, ikateremka mkononi, na vidole vikagusa kitu chembamba chini ya ngozi, kama njiti ya kiberiti.

Kadii akajikunja. "Dada, nakuomba, usiseme."

Kijiti cha kuzuia mimba! Kumbe si tasa, hataki kuzaa. Neno moja tu, na leo hii angerudishwa kwao.

"Umemaliza?" mavyaa aliuliza kutoka uani.

"Bado, mama."

Mtoto mgongoni akaanza kulia. Mbodze hakumbembeleza. Aliinama sikioni mwa mwenzake, wivu ukimchoma kuliko siku zote.

"Nani alikuwekea?" akanong'ona.

Kidole chake kikarudi pale pale mkononi mwa Kadii, kikipanda na kushuka, kama kinachopapasa komeo la mlango gizani.