Marudio

Kwa miaka tisa Chande alikuwa akishindwa na Mbaruku kwenye njia ya uwanja wa ndege wa zamani, na kwa miaka tisa alisema kosa ni la gari lake. Desturi ya pale ilimruhusu aliyeshindwa kudai marudio, kila mmoja aendeshe gari la mwenzake. Hakuwahi kudai. Jumamosi hii, akiwa amechoka kujisikia akilalamika, alidai.

"Umechelewa, ndugu yangu," Mbaruku alisema, akimrushia funguo. "Haya, langu hilo. Lako lina visingizio vingapi?"

"Vyote. Vimo kwenye buti."

Watu wakacheka. Bendera ikashuka.

Gari la Mbaruku lilikuwa na nguvu kama alivyolidhania siku zote, na gia zote ziliingia bila kosa. Hata hivyo, katikati ya njia, gari lake mwenyewe kuukuu, Mbaruku akiwa usukani, lilimpita upande wa kulia, likatangulia.

Hakuwahi kuliona kwa nyuma likiwa mbioni. Lilikwenda limenyooka, halitikisiki, wala bomba halikutoa moshi. Chande aliendelea kukanyaga mafuta hadi mstari wa mwisho, na hata baada ya mstari, akilifuata.