Ubavu wa Kiatu

Mpira ulimfikia binti yangu taratibu, mguuni kabisa. "Tuliza, geuka, toa pasi," kocha wa akademia alimwambia kwa mara ya tatu.

Akabutua. Mpira ukapaa, ukavuka uzio.

Nilikuwa nimesimama nje ya mstari wa chaki. Miaka saba nimemfundisha yeye na wenzake neno moja tu: butua! Na tulikuwa tunashinda, jamani. Vikombe tisa vimejaa juu ya kabati sebuleni, mama yake anavifuta vumbi kila Jumamosi.

Kocha alichuchumaa, akakishika kiatu cha kulia cha binti yangu. Ncha ilikuwa imelika hadi soksi inachungulia. Ubavu wa ndani, ule wa kutulizia mpira, ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani jana.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Kumi na saba."

Kocha akakiachia kiatu. "Mpira alikufundisha nani?"

Uso wa binti yangu ukachanua. Akageuka kuninyooshea kidole mbele ya wote.

"Baba yangu, yule pale!"

Mimi nilikuwa nimeshageuka, nakwenda kuutafuta mpira nje ya uzio.